Shujaa Asiye na Ndugu Hana Mchezo



Katika toleo lililopita mwanafunzi mmoja wa kalasi za chini aliandika barua. Aliuliza: kwa nini wafinalisti, ambao mtihani wa Taifa unawangojea, wanakaa kila Jumamosi nyuma ya ukumbi wakitupa dadu ya ludo na kusema habari za falme ambazo hazipo duniani? Barua ilishtaki mambo mawili. La kwanza, kwamba tunapoteza wakati. La pili, kwamba mchezo wenyewe hauna kichwa wala mkia: leo mtu anakufa, kesho anarudi na jina lingine, na hakuna anayemlilia.

Mimi ni kapita wa wanafunzi, na tena ni mmoja wa hao wachezaji, kwa hiyo siwezi kukaa kimya. Shitaka la kwanza nitalijibu mwishoni. Shitaka la pili ni la kweli, ninalikubali mbele ya wote. Lakini nataka kuonyesha kwamba ubaya ule haukutoka kwa mchezo. Ulitoka kwa namna tulivyotunga watu wetu: kila mmoja peke yake, bila baba, bila jirani, bila deni. Maoni yangu ni haya: mtu wa mchezo asitungwe peke yake. Habari zake za kale zifungwe pamoja na habari za wenzake kabla dadu haijatupwa hata mara moja.

MCHEZO WENYEWE NI NINI

Kwa wale wasioujua, nieleze kwa ufupi. Watu watano au sita wanakaa pamoja. Mmoja ndiye kiongozi: anaeleza nchi, njia, mvua na adui. Wengine, kila mmoja anashika mtu mmoja wa kuwazia na kusema anachofanya: "Ninavuka mto," au "Ninabisha mlango wa chifu." Jambo likiwa na mashaka, dadu inaamua. Hakuna ubao, na hakuna mshindi. Mchezo wa namna hii ulitolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson, nao wakauita Dungeons & Dragons. Toka pale umeenea duniani na kuzaa mingine mingi.

Sisi hatuna kitabu chake. Mwenzetu mmoja alisoma kanuni kwenye telefone, akaziandika kurasa mbili katika kaye, tukaanza.

Siku ya kwanza kiongozi aliomba kila mmoja asome habari za shujaa wake. Wa kwanza alikuwa Upanga wa Moto: baba na mama wamekufa, anatafuta kisasi. Wa pili alikuwa Simba Mweusi: baba na mama wamekufa, anatafuta kisasi. Wa tatu alitoka msituni, hakumbuki wazazi. Wa nne nilikuwa mimi, Mwana wa Radi, yatima. Wa tano, yatima. Wa sita alikuwa mchawi aliyetokea juu ya mlima pasipo kuzaliwa na mtu. Hesabuni wenyewe: watu sita, yatima watano, na mmoja ambaye hakuzaliwa.

Tukafika kwenye kivuko cha mto. Kiongozi akasema mtumbwi umepinduka na Simba Mweusi anachukuliwa na maji. Akamuuliza Upanga wa Moto: "Weye unafanya nini?"

"Miye? Minaendelea na njia yangu. Ule mutu simuyue."

"Lakini anakufa!"

"Afe basi. Miye niko natafuta kisasi yangu."

Tulicheka sana. Lakini mwenye Simba Mweusi hakucheka, kwa sababu alikuwa ametumia juma zima kumtunga shujaa wake, akiandika hata rangi ya viatu vyake. Na mwenye Upanga wa Moto hakukosa. Alijibu kweli. Katika kurasa zote tulizoandika hapakuwa na neno hata moja la kumfanya ampe mkono mtu yule. Jumamosi ya tatu tulikuja wanne. Jumamosi ya tano tulikuja wawili, tukaangaliana, tukaenda kutazama mpira.

WAZEE WETU WALIJUA

Watu wengine wanafikiri kutunga mtu wa kuwazia ni jambo la Wazungu. Mimi nasema hapana. Sisi wa Lualaba tumekalia hazina, kama vile tunavyokalia shaba.

Tazameni masimulizi ya Waluba. Nkongolo ni mfalme mkali. Mbidi Kiluwe ni mwindaji anayetoka mbali upande wa mashariki. Kama mambo yangebaki hapo, tungekuwa na watu wawili tu wanaopita njia moja. Lakini Mbidi Kiluwe anaoa dada za Nkongolo, Bulanda na Mabela. Bulanda anamzaa Kalala Ilunga. Mwindaji anarudi kwake, mtoto anakulia kwa mjomba, anakuwa hodari katika vita na katika michezo, na mjomba anaanza kumwogopa. Nkongolo anachimba shimo, analifunika, kisha anamwalika mpwa wake acheze ngoma mbele ya watu. Wanaosimulia wengi wanasema mpiga ngoma ndiye aliyemwonya kijana kwa mapigo yake. Kalala Ilunga anaruka, anakimbilia kwa baba yake ng'ambo ya mto, anarudi na jeshi, na Nkongolo anashindwa.

Sasa ondoeni undugu katika habari ile. Nini kinabaki? Kijana mmoja anacheza ngoma karibu na shimo. Ni ujomba unaofanya shimo lile litutie hofu. Ni ubaba unaofanya ng'ambo ya mto pawe mahali pa kukimbilia.

Haya, twende kwa Walunda, ambao makao yao ya kale ya Musumba yako katika jimbo letu hili, upande wa Kapanga. Baba mmoja mwenye uchifu anatendewa vibaya na wanawe wa kiume, Kinguri na Chinyama. Anawanyima bangili ya uchifu, lukano, anampa binti yake Lueji. Kisha anakuja mwindaji, Chibinda Ilunga. Anatoka wapi? Kwa Waluba, katika ukoo wa Kalala Ilunga! Basi habari moja imeingia ndani ya nyingine. Lueji anaolewa naye, na lukano inafika mkononi mwa mgeni. Kaka zake wanakasirika, wanaondoka na watu wao kuelekea upande wa machweo. Toka ndoa ile unatoka ukoo wa Mwant Yav, na toka hasira ile zinatoka habari za watu wengine mpaka ndani ya Angola. Hata leo sanamu za Chibinda Ilunga zilizochongwa na Wachokwe ziko katika majumba ya makumbusho ya Ulaya.

Tena kuna jambo la ajabu zaidi, ambalo lafanana sana na mchezo wetu. Kwa Walunda, anayerithi jina la uchifu anarithi pia undugu wa yule wa kwanza aliyelichukua. Kama yule wa kwanza alikuwa mwana wa fulani, basi kila anayekuja baada yake anaitwa mwana wa fulani, hata kama ana mvi na yule "baba" yake ni kijana. Vichwa vinabadilika, undugu unabaki. Jambo hili lilienea mpaka Luapula, kwa watu wa Mwata Kazembe, na mtaalamu Ian Cunnison aliandika juu yake mwaka 1956. Fikirini vizuri: ni nafasi zilizotungwa pamoja, ambazo kila mmoja anaingia akikuta tayari baba, mjomba, mdogo, na wajibu kwa kila mmoja wao. Kwa njia ile watu wa mbali sana waliweza kuketi baraza moja wakijua nani amsalimie nani kwanza.

KUNDI LA MUFWANKOLO

Wengine watasema: hayo ni ya kale. Basi tuje karibu. Wazazi wetu wote wanajua jina la Mufwankolo, yaani mzee Odilon Kyembe, na kundi lake la michezo la Lubumbashi, lililosikika kwenye redio na kuonekana kwenye televisheni miaka mingi, wakisema Kiswahili chetu hiki cha huku, si cha vitabu. Kundi lile halikuwa na maandishi ya kukariri. Walikaa, wakakubaliana juu ya wazo, wakazungumza, wakagawana nafasi, wakajaribu, wakarudia. Mwaka 1986 walichukua msemo kwamba uwezo wa utawala unaliwa mzima, haugawanywi, wakatengeneza juu yake mchezo mzima wa chifu na watu wa kijiji chake. Mtaalamu Johannes Fabian alikuwa pamoja nao akisikiliza namna walivyofanya kazi, akatoa kitabu juu yake mwaka 1990.

Mtu asiye na maandishi mbele yake atajuaje la kusema? Atajua kama anajua yeye ni nani kwa huyu na ni nani kwa yule. Mke wa chifu hasemi kama mzee wa baraza, na mzee wa baraza hasemi kama kijana anayetaka shamba. Mtu akijua nafasi yake kati ya wengine, maneno yanatokaka yenyewe. Asipoijua, atapiga kelele tu, kama tulivyopiga sisi na kisasi yetu.

NAMNA TUNAVYOFANYA SASA

Tulipoanza tena, tuliweka kanuni. Naziandika hapa ili kalasi nyingine wazitumie.

1. Mistari kumi, isizidi. Anayeandika kurasa tatu anatunga hadithi yake, na wengine wanakuwa wageni ndani yake.

2. Kila mtu awe na madeni mawili: moja analodaiwa na mtu wa mwenzake, na moja analomdai mwingine. Deni si makuta tu. Ahadi ni deni. Siri iliyofichwa ni deni. Kuokolewa ni deni. Tusi nalo ni deni.

3. Pawe na jambo moja la kale lililowapata wote, kila mmoja alilione kwa upande wake.

4. Usimwandikie mwenzako jambo pasipo kumwomba ruhusa. Ukitaka mtu wake awe kaka yako, mwulize kwanza.

5. Kila mmoja awe na siri moja ambayo kiongozi peke yake anaijua.

6. Acheni tundu. Mkieleza yote siku ya kwanza, Jumamosi zinazofuata zitabaki na kazi gani?

Sasa mfano. Tulichagua kwamba jambo la kale liwe usiku mmoja wa mvua ambao bangili ya uchifu ilipotea. Watu wetu sita ni mvushaji wa mtumbwi, mfua shaba, mama mwuza chumvi, mpiga ngoma, mkunga na mtoto wa chifu. Mvushaji alimvusha mtu aliyefunika uso, akalipwa misalaba mitatu ya shaba, hakuuliza neno. Mfua shaba alikuwa ametengeneza bangili ya pili iliyofanana na ile ya kwanza. Aliambiwa ni ya arusi. Shaba ile aliipata kwa mkopo wa mama mwuza chumvi, na hajaulipa. Mpiga ngoma alipaswa kupiga ngoma ya hatari, lakini alikuwa amelewa, na mkunga alimwona. Mkunga amenyamaza toka siku ile. Yeye ndiye aliyemzalisha mke wa mvushaji, kwa hiyo mvushaji hawezi kumnyima kitu. Na mtoto wa chifu amevaa bangili mkononi, asijue ni ile ya kwanza au ni ya pili.

Kwa kusema kweli, misalaba ya shaba si ya kuwazia. Mababu wa nchi hii waliyeyusha shaba na kuimwaga kwa umbo la msalaba zamani kabla Union Minière haijaundwa mwaka 1906, na misalaba mitatu ya namna hiyo iliwekwa hata katika bendera ya Katanga ya mwaka 1960. Chumvi nayo ilichukuliwa Mwashya na kuuzwa mbali. Kwa hiyo hatukuhitaji kuazima falme za watu wengine. Tulichukua za nyumbani na kuongeza uongo kidogo.

Jumamosi ile kiongozi, kwa makusudi, alitupeleka kwenye kivuko kile kile. Mtumbwi ukapinduka. Safari hii aliyechukuliwa na maji alikuwa mtoto wa chifu. Kiongozi hajamaliza kusema, mwenye mfua shaba alisimama:

"Mumushike! Akikufa na ile bangili, nani atajua kama ni yangu?"

Mwenye mama mwuza chumvi naye: "Bangili gani? Njo ile shaba yangu uliyokula?"

Mwenye mkunga akamgeukia mvushaji polepole, kama mama wa kweli: "Baba, uliniambia siku ile utanisaidia. Siku njo leo."

Na mvushaji akaingia majini. Nusu saa nzima dadu ilikaa chini, hakuna aliyeigusa. Mwalimu aliyekuwa anapita alisimama kusikiliza, akadhani tunagombana kweli. Mto ulikuwa ule ule, na wachezaji walikuwa wale wale. Kilichobadilika ni mistari kumi ya kila mmoja.

Baadaye nilisoma kwamba hata huko Marekani wengine wamefikia wazo hili. Jason Morningstar alitoa mwaka 2009 mchezo unaoitwa Fiasco, ambamo kila mchezaji na anayeketi karibu naye wanachagua kwanza uhusiano ulio kati ya watu wao. Mchezo unaanza baada ya hapo. Nilifurahi, lakini sikushangaa. Mpiga ngoma wa Kalala Ilunga angeweza kuwaambia toka zamani.

HATARI MOJA

Sitaficha jambo baya lililotokea. Kufunga watu pamoja si kufunga kwa upendo tu. Adui naye ni ndugu wa namna fulani, na mchezo unamhitaji. Basi mwenzetu mmoja, akitafuta adui, aliandika kwamba mtu wake anachukia "wote waliokuja kwa reli". Wachache walicheka. Msichana mmoja katika kundi alifunga kaye yake, akaenda.

Tunajua wote alichokisikia. Zamani kampuni na reli zilileta wafanyakazi wengi kutoka Kasai, watoto wao wakazaliwa hapa, wakasoma hapa. Mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi. Familia nzima zililala kwenye stesheni zikingojea treni, na wengi walikufa hapo na njiani. Sisi hatukuwa tumezaliwa, lakini nyumba nyingi za mji huu zina mtu aliyeondoka na mtu aliyebaki akitazama.

Mwenzetu hakuwa amefikiri hata kidogo, na aliomba msamaha mbele ya wote. Lakini tuliongeza kanuni ya saba: makabila ya kweli yasiingie kwa chuki, na uadui wo wote uwe wa mtu na mtu, wenye sababu inayotajwa. Nilielewa siku ile tofauti iliyopo. Ukimchukia mtu kwa sababu alikula shaba yako, kuna siku anaweza kulipa, na mchezo unaendelea. Ukichukia watu wote wa namna fulani, hakuna wanachoweza kulipa, na hakuna kinachobaki cha kucheza.

WANAOPINGA

Wengine wanasema: "Kazi hii ni nyingi. Shiye tunataka kucheza, hatutaki kuandika." Nawajibu: mistari kumi ni kidogo kuliko kazi ya nyumbani ya siku moja. Tulitumia Jumamosi moja kutengeneza, tukapata Jumamosi nyingi za kucheza. Wale wa kwanza walianza mara moja, wakamaliza mara moja.

Wengine wanasema shujaa lazima awe huru, mgeni anayetoka mbali. Sawa, naye Mbidi Kiluwe alitoka mbali. Lakini hakukaa bure: alioa, akaacha mtoto. Mgeni anaruhusiwa, ila afike akiwa na sababu ya kubisha mlango huu, asibishe ule.

Na mmoja wa wakubwa wetu alisema kwa upole kwamba kujifanya mtu mwingine ni kusema uongo. Ninamheshimu, na neno lake nililifikiri sana. Lakini nabii Natani alipotaka kumwonya Daudi alitunga habari ya tajiri, maskini na kondoo mmoja, na mfalme alikasirika kama kwamba watu wale walikuwapo. Tena Mathayo hakuanza Injili yake kwa muujiza. Alianza na majina ya mababu, mmoja baada ya mwingine, ambayo sisi tunayaruka tukisoma. Nafikiri alitaka tujue kwanza anayekuja ni ndugu ya nani. Uongo ni kumwambia mwenzako jambo lisilo kweli ili aamini. Katika mchezo wote tunajua.

JAMBO LILILONIFANYA NIANDIKE

Sasa nitasema lililo moyoni. Wakati wa mchezo wetu wa kwanza, wa yatima, mwenzetu mmoja alikosa Jumamosi mbili. Hatukuuliza. Shujaa wake alikuwa yule aliyetoka msituni. Tulisema amerudi msituni, tukaendelea. Juma lililofuata alikosa masomo. Mimi, kapita, niliandika kwenye daftari la kuhudhuria "hayupo" siku tisa mfululizo, kwa mwandiko mzuri, nisiulize hata mara moja. Siku ya kumi alirudi akiwa na mikono iliyopasuka. Alikuwa anabeba mifuko ya mawe kule wanakochimba kwa mikono, kutafuta pesa za masomo. Hakusema neno, na sisi hatukusema neno.

Katika mchezo wa pili yeye ndiye mvushaji wa mtumbwi. Jumamosi moja hakufika. Kiongozi akataka kuendelea, lakini mwenye mkunga akasema: "Hatuwezi kuvuka bila yeye. Na ana deni yangu." Mwenye mama mwuza chumvi akasema vile vile. Tukanyamaza kidogo, kisha mtu mmoja akasema: "Twende kwake." Tulitembea wanne mpaka nyumbani kwao, jua kali. Mama yake mdogo alitukaribisha, akatuambia kijana amekwenda tena kubeba mifuko toka asubuhi.

Sitaki kudanganya wasomaji. Mchezo haukumrudisha. Aliyemrudisha ni mama yake mdogo, aliyetafuta sehemu ya pesa, na mwalimu mmoja aliyeomba kwa wakubwa kwamba nyingine zingojee. Lakini mwalimu yule alijua kwa sababu tulimwambia, na tulimwambia kwa sababu tulikwenda, na tulikwenda kwa sababu mtumbwi ulibaki bila mtu. Mwaka mzima niliketi kalasi moja na kijana yule, nikijua namba yake katika daftari. Nilianza kumjua alipokuwa na deni kwa wengine.

JUU YA WAKATI

Ndugu mwandishi wa barua, nilikuahidi jibu la shitaka la kwanza. Ni kweli, mtihani wa Taifa uko karibu, na Jumamosi moja ni saa tatu. Tumepatana kwamba mchezo utakuwa Jumamosi moja tu kati ya mbili, na kwamba ile nyingine kundi lile lile litakaa kufanya hesabu pamoja. Wale sita wamekubali. Mwenye mpiga ngoma, ambaye ni hodari wa hesabu kuliko sisi wote, amesema atamfundisha mvushaji kwa sababu alivushwa bure mara mbili.

Ninapendekeza tena kwa walimu wetu kwamba kalasi za chini, wanapoanza mwaka, watengeneze mchezo kama huu: mistari kumi, madeni mawili, jambo moja la kale. Wengi wanatoka Dilolo, Lubudi, Likasi, Kasaji, na toka kila mtaa wa Kolwezi. Wanaketi benchi moja kwa miezi bila kujua jina la anayeketi nyuma. Waanze kwa undugu wa kuwazia. Ule wa kweli unaweza kufuata, na usipofuata, wamepoteza Jumamosi moja.

Asiyekubaliana na mimi aandike katika toleo lijalo. Na wewe uliyeandika barua, tunakualika uje uone mwenyewe. Kuna nafasi moja: mzee wa baraza amekufa, na anayemrithi ataridhi pia madeni yake yote. Njoo na kaye na kalamu. Dadu tunayo.

Kapita wa wanafunzi,
kalasi ya mwisho